Wendel Nyuma ya Jiwe Lake

Hapa Lautenfels jiwe likiharibika huzikwa. Sitanii. Mwashi akikosea kipimo, au tindo likimteleza likang'oa pembe, jiwe lile haliruhusiwi kufichwa ukutani wala kutupwa mtoni. Linalazwa kwenye machela, wanaume wanne wanalibeba, mmoja anajifunika gunia kichwani na kujifanya padre, na yule aliyeliharibu anafuata nyuma ameinamisha kichwa kama mfiwa. Wanalizungusha kanisa kuu zima mpaka kwenye shimo lililo nyuma ya banda la waashi, wanalitumbukiza humo, halafu wanarudi bandani. Huko mfiwa anainama na kila mmoja anamchapa makalio kwa ubao wa kupimia. Jioni anawanywesha bia. Ni kicheko mwanzo mpaka mwisho, na sisi wanawake tunaokoroga chokaa tunaacha majembe yetu kwenda kutazama.

Padre wa mazishi hayo alikuwa Wendel, kila mara yeye. Sababu yake aliisema mwenyewe kwa kila aliyetaka kusikia na kwa asiyetaka pia: yeye ndiye mwashi pekee pale bandani ambaye hajawahi kutembea nyuma ya jiwe. "Mtoto wa machimboni mimi," alikuwa akisema. "Jiwe linanijua." Alijiona yeye ndiye yeye. Mimi, Gerlind, sikumpenda, na sioni haya kusema hivyo, maana hata mume wangu Ditmar alikuwa akinikanya nisimwangalie yule mzee kwa jicho lile.

Lakini haki yake nitampa. Wendel alizaliwa ng'ambo ya mto, machimboni, katika kibanda kilichojaa vumbi jeupe mpaka ndani ya uji. Baba yake alifunikwa na mawe, akabaki yeye na nyundo. Alikuja mjini wakati kuta za upande wa altare zimefika usawa wa madirisha, na yale matao yanayopanda kutoka kwenye nguzo na kukutana juu ya altare, mengi ameyachonga yeye. Ukisimama pale chini ukatazama juu, shingo inakuuma na moyo unatulia. Kanisa letu lilianza kujengwa babu yangu akiwa kijana, baada ya lile la zamani kuungua, na mimi nitakufa halijaisha. Kuta zake ni nyembamba, zimejaa madirisha, kwa hiyo nje zimeegemezwa kwa mikono mirefu ya mawe ili zisitawanyike. Kila kitu pale kinabebwa na kingine. Jiwe moja likikataa kazi, jirani yake analisikia.

Mke wa Wendel alimwachia mtoto mmoja, Jost, akafa siku hiyohiyo ya kumzaa. Wendel alimlea bandani kwa maziwa ya mbuzi, akimlaza kwenye sanduku la vifaa. Jost akakua, akawa mwashi, akapewa alama yake ya kuchora kwenye kila jiwe analomaliza. Alama ya Wendel ilikuwa mshale wenye mkia uliopinda. Ya Jost ilikuwa mshale uleule, ila umeongezwa mstari mmoja, kama ilivyo desturi ya mtoto anayefuata kazi ya baba.

Jost hakufanana na baba yake kwa maringo. Jiwe lake la kwanza kuharibika alilitangaza mwenyewe, tena kwa sauti, akaenda kuchukua machela. Baba mtu akavaa gunia, akaimba sala za ovyo puani, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jost akafuata nyuma akijifanya kulia, anapenga kamasi kwa kona ya koti.

"Ulie vizuri," Wendel alimwambia. "Hilo jiwe lilikuwa na mama yake."

"Nalia, baba. Ila siku yako ikifika, gunia hilo nitalivaa mimi. Usije ukamwachia mtu mwingine."

"Basi utazeeka unangoja, mwanangu."

Watu wakazidi kucheka. Hata mimi nilicheka siku ile.

Sasa sikilizeni jambo moja kuhusu jiwe, maana bila hilo hamtanielewa. Jiwe ardhini limelala. Lina matabaka, moja juu ya jingine, kama majani ya kabichi. Ukilijenga limelala vilevile lilivyolala, litabeba mzigo mpaka siku ya kiama. Ukilisimamisha, matabaka yanaelekea juu, maji ya mvua yanaingia katikati, baridi inayagandisha, na mwaka hadi mwaka jiwe linafunguka polepole bila mtu kujua. Kila mwashi anajua hili kabla hajaota ndevu.

Baridi ya kwetu haina mchezo. Sikukuu ya Mtakatifu Martini ikipita, katikati ya Novemba, chokaa haishiki tena, kwa hiyo tunafunika vichwa vya kuta kwa majani makavu na samadi, na waashi wanajifungia bandani kuchonga. Kwaresima, baridi inapolegea, tunafunua. Mwaka ule Jost ndiye aliyepanda kwanza kufunua. Ditmar, ambaye ndiye mfunga kamba wetu, alikuwa amemtangulia kukagua jukwaa, fundo kwa fundo, kama afanyavyo siku zote. Mbao zote zinazoning'inia huko juu zimefungwa na mikono yake.

Mimi nilikuwa chini nachekecha mchanga. Nilisikia mlio mkavu, kama mtu amevunja kuni kwa goti. Jiwe moja kwenye mguu wa tao, pale tao linapoanza kujikunja kutoka ukutani, lilipasuka likatoka. Liliangukia jukwaa, kama tulivyokuja kujua baadaye, kamba ikakatika, mbao zikainama, na Jost akaja chini. Hakupiga kelele. Nilifika kwake wa kwanza, na sitaeleza zaidi ya hapo.

Nilimwosha mimi na wanawake wenzangu. Siku ya kumzika, Ditmar alikuja na kamba zake za kushushia jeneza, maana kazi hiyo ni yake kwa kila anayekufa pale kazini. Wendel alimwona kutoka mbali.

"Usiiguse kamba hiyo," akasema.

"Fundi, niruhusu. Alikuwa rafiki yangu."

"Nimesema usiiguse. Kamba zako zimeshamshusha mara moja."

Ditmar akarudi nyuma kama amepigwa kofi. Waashi walimshusha Jost kwa mikanda ya ngozi, wakiwa hawana uzoefu, jeneza likaenda upande, likagonga ukingo wa kaburi. Mlio ule ulinikata maini. Nikamtazama Ditmar, nikaona machozi yanamtoka, na nikamchukia Wendel kwa moyo wangu wote.

Kumbe hilo lilikuwa dogo. Volkmar, fundi mkuu, ndiye anayeshika michoro ya kanisa na ndiye anayehukumu bandani. Alipanda, akaona kamba iliyokatika inaning'inia, akashuka na neno lake mkononi: fundo baya. Jiwe alidhani limeng'olewa na mbao zilipokuwa zinaanguka. Vipande vya jiwe vilikuwa vimeshakokotwa kwenye kifusi pamoja na samadi na mbao, na hakuna aliyevitazama. Jumamosi banda lingekaa kuhukumu. Kama Ditmar angeonekana na hatia, jina lake lingefutwa, na sisi tungetolewa nje ya lango la mji pamoja na watoto. Na habari za namna hiyo hupanda na kushuka mtoni haraka kuliko mashua. Hakuna banda ambalo lingempokea. Ditmar hajui kazi nyingine chini ya jua.

Yeye alikuwa amekaa tu pale nyumbani, anasuka kamba na kuifumua. "Lile fundo lilikuwa zima, Gerlind," ananiambia. Baada ya muda kidogo anasema tena, "Nadhani lilikuwa zima." Kuona mtu mzima ameanza kutilia shaka mikono yake mwenyewe kunauma kuliko njaa.

Katikati ya wiki nilikwenda kwenye kifusi kutafuta mbao za kuwashia tanuri la chokaa. Nikamkuta Wendel. Alikuwa amepiga magoti, amekusanya vipande vya jiwe na kuvipanga kama vilivyokuwa kabla ya kuvunjika. Nadhani alitaka kujua mwanawe ameuawa na nini, na mimi ningefanya hivyohivyo. Alikishika kipande kikubwa, akakipangusa kwa kiganja, akakitazama. Halafu akakigeuza uso chini, haraka, kama mtu anayefunika maiti. Akakaa juu yake.

Nikasogea.

"Fundi Wendel, umegeuza nini hapo?"

"Jiwe."

"Kwamba ni jiwe naona, mimi si kipofu. Nauliza kwa nini umeligeuza."

"Gerlind, nenda kakoroge chokaa yako."

"Chokaa itangoja. Jumamosi mume wangu anafukuzwa mjini kama mwizi. Kama hilo jiwe lina la kusema, liseme kabla ya Jumamosi."

Akaninyanyulia macho. Yalikuwa mekundu, hayana hata chembe ya yale maringo yake. "Mwanangu amekufa," akasema.

"Najua amekufa. Nimemwosha mimi. Nimemchana nywele mimi. Na wa kwangu je, walale nje ya lango ili wewe ukae vizuri hapo juu ya jiwe lako?"

Akatazama mikono yake tu. Nikaokota kuni zangu nikaondoka.

Nilimwambia Ditmar twende kwa Volkmar upesi, jiwe lile likaangaliwe. Akatikisa kichwa. "Nani atakusikiliza wewe, mke wa mtuhumiwa? Na yule ni mfiwa, Gerlind. Utamvamia vipi mfiwa?" Mume wangu ana moyo laini kama mkate uliolowa kwenye supu. Nilimfokea mpaka watoto wakajificha. Nilikwenda kwa Volkmar mwenyewe, peke yangu, na kweli hakunisikiliza. Alisema anaelewa uchungu wangu. Niliporudi kwenye kifusi, kile kipande hakikuwepo. Hapo nikajua tumekwisha.

Jumamosi ikafika. Mwanamke haingii bandani wakati wa hukumu, kwa hiyo nilisimama mlangoni na jembe langu la kukorogea, na aliyetaka kunitoa pale angejaribu tu. Waashi wote walikaa kwenye mabenchi. Ditmar alisimama katikati, kofia mkononi. Wendel alikuwa pembeni, mgongo ukutani.

"Kamba ilikuwa yako?" Volkmar akauliza.

"Yangu, fundi mkuu."

"Na fundo?"

"Langu."

"Ulilikagua?"

"Nililikagua asubuhi ileile. Lilikuwa zima."

"Kitu kizima hakikatiki, Ditmar." Volkmar hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu aliyechoka, anayetaka jambo liishe. Akamgeukia Wendel. "Desturi inataka baba wa marehemu aseme kabla yangu. Sema unataka afanyweje."

Wendel akajivuta akasimama. Nikabana mpini wa jembe mpaka vidole vikaniuma.

"Nataka machela," akasema.

Watu wakatazamana. Wakadhani akili imemruka, masikini, kwa msiba.

"Machela ya nini, Wendel?" Volkmar akauliza taratibu.

"Kuna jiwe la kuzika."

Akainama chini ya benchi lake, akavuta kitu kilichofungwa kwenye koti, akalifungua. Kilikuwa kile kipande. Akakisukuma kwa mguu mpaka mwangani, alama juu. Mshale wenye mkia uliopinda, bila ule mstari wa kuongezwa.

"Kamba haikukatika yenyewe," akasema. "Jiwe liliiangukia. Na jiwe ni langu. Tazameni matabaka yake."

Hawakuhitaji kuinama. Matabaka yalionekana hata kutoka mlangoni nilipokuwa mimi, yamesimama wima, yameachana.

"Lilisimamishwa," mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo.

"Nililisimamisha mimi. Jost alikuwa bado anatambaa hapa chini ya meza. Nilipolipima nikakuta ni fupi kwa upana wa kidole. Ningesema, mngelibeba, mngenicheka, mngenichapa, tungekunywa bia, yakaisha. Sikutaka kuchekwa. Nikaona nikiligeuza wima urefu unatosha. Nikaligeuza."

"Ulijua?" Volkmar akauliza.

"Nilijua. Nikajiambia ni jiwe moja tu, na mawe ni mengi." Akakitazama kile kipande. "Na juzi nilipoiona alama, nilikaa juu yake. Nilikuwa tayari Ditmar afukuzwe. Gerlind yuko pale mlangoni, ananijua."

Hakuna aliyegeuka kunitazama. Ditmar aliketi chini palepale alipokuwa amesimama, kwenye vumbi la mawe, kofia bado mkononi.

Walileta machela. Vipande vingine alikuwa ameshavikusanya nyuma ya banda, wakavipanga juu yake. Halafu wakasimama wote, kwa sababu kuna jambo lilikuwa limebaki na kila mtu alilijua. Lile gunia la padre lilining'inia kwenye msumari wake karibu na mlango. Wa kulivaa siku hiyo alishajitaja mwenyewe zamani, akicheka, na sasa alikuwa kaburini. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wendel akaenda akalitungua, akalikunja vizuri kama shati la mtoto, akaliweka juu ya jiwe.

Basi wakatoka. Nimeona mazishi mengi ya mawe, na yale ndiyo pekee niliyoyaona bila kicheko. Walipita upande wa altare, wakapita chini ya mikono ya mawe, wakapita pale Jost alipoangukia, na pale miguu ya Wendel ikakataa kwenda. Wabebaji wakasimama, wakamngoja bila kugeuka. Akaendelea. Wanawake wenzangu walikuwa wamejipanga ukutani, na mmoja akapiga ishara ya msalaba, kisha wote wakafanya hivyo. Jiwe likashushwa shimoni pamoja na gunia. Mpaka leo hakuna aliyeshona gunia jingine. Mfiwa wa jiwe siku hizi anatembea bila padre.

Waliporudi bandani, Volkmar alichukua tindo akaenda kwenye ubao wenye alama za waashi wote wa Lautenfels, waliopo na waliokwishakufa. Akakata mstari mmoja kupita katikati ya mshale wa Wendel. Wa Jost, ulio chini yake, hakuugusa. Hapo Wendel hakuwa mwashi tena.

Lakini Wendel alikwenda mbele ya benchi, akainama, akashika magoti.

"Chapeni," akasema.

Hakuna aliyesogea.

"Mila ni mila. Niliwachapa ninyi nyote. Jost nilimchapa. Chapeni."

Wanaume wale wakawa wanatazama sakafu. Wendel akainuka, akachukua ubao wa kupimia, akampelekea Ditmar. Ditmar akaupokea, akaushika kidogo, akauweka juu ya meza kwa uangalifu kama kitu cha kuvunjika. "Siwezi, fundi," akasema.

Ndipo Wendel akaja mlangoni kwangu.

"Basi wewe, Gerlind. Wewe una haki. Una jembe hapo."

Nitasema kweli. Wiki nzima nilikuwa nimelala na tamaa ile. Nilikuwa nimemchapa kichwani mwangu mara nyingi, na kwa jembe hilohilo. Nikamtazama. Alikuwa amepungua, koti linamning'inia. Hana mke, hana mtoto, hana alama, na ile Jumamosi alikuwa ametoa cha mwisho alichokuwa nacho ili mume wangu alale kwake. Hasira nilikuwa nayo bado, haikwenda popote. Lakini nyuma yangu chokaa kwenye beseni ilikuwa imechomwa na jua, na ukuta ulikuwa unaingoja.

Nikageuza jembe, nikampa mpini.

"Chokaa yangu inaganda," nikamwambia. "Shika, ukoroge."

Akashika.

Alikoroga chokaa na sisi wanawake mpaka mwisho wa maisha yake. Mwanzoni alikuwa mzembe, anaweka maji mengi, nami nilimsema bila kumwonea haya, naye alipokea. Walimtania, walimwita Mama Wendel, na alicheka kidogo. Chokaa ya kwanza aliyoikoroga ilitumika kulaza jiwe jipya kwenye mguu wa lile tao. Alipanda na ndoo mwenyewe, akasimama pale juu akitazama, na hakushuka mpaka mwashi alipomwonyesha matabaka yamelala. Kila Novemba alikuwa wa kwanza kufunika kuta na wa mwisho kushuka. Alitandaza majani kwenye yale mawe kama anayemfunika mtu blanketi.

Mwaka alipougua kifua, nilimpelekea supu. Hakuinywa. Aliniuliza kama matao ya upande wa mlango mkubwa yameshakutana juu, nikamwambia bado, akasema sawa. Nikadhani amelala. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi ya kusemea.

"Kamba," akasema. "Ya kunishushia. Aifunge Ditmar."

Nilimpelekea Ditmar ujumbe ule akiwa ghalani. Alikaa pale mpaka giza likaingia, akichagua kamba, akizivuta, akizinusa, akizikataa, mpaka akapata mbili alizoziamini. Kesho yake alizifunga mwenyewe, akakagua kila fundo, akarudia tena, na waashi wote wakamngoja. Kisha akamshusha Wendel kando ya Jost. Jeneza lilikwenda sawasawa mpaka chini, halikugusa ukingo, na lilipotua hatukusikia kitu.